Riba ya Mguu

Bodaboda ilishaacha nyumba ya mwisho ya kijiji ndipo sauti ya Zuberi ikawafikia kwa nyuma, imepanda juu ya mngurumo wa injini:

"Hashimu! Fidia chukua, gharama chukua, ila riba usiiguse! Riba ni moto!"

Hashimu Likapa hakuweza kugeuka. Walikuwa wamepakizana mishikaki, dereva mbele, yeye katikati, mkewe Mwanaidi nyuma, na magongo yake mawili ameyalaza mapajani yametokeza huku na huku kama pembe. Akainua mkono mmoja kuonyesha kwamba amesikia.

"Huyo anakuaga au anakuhubiria?" Mwanaidi akamuuliza sikioni.

"Ananitakia heri."

"Heri yake naijua."

Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua, na njia nzima ilinuka salfa. Walipopita shamba lake Hashimu alitazama upande wa pili. Si kwamba shamba limeharibika. Lilikuwa limefyekwa chini kama uwanja wa mpira na dawa imepulizwa kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba aliyelifyeka ni Zuberi, na korosho zitakazodondoka ni za Zuberi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Hashimu hakuwa mtu wa kukaa mahali. Ujanani alichota chumvi, akavuka Ruvuma akapasua mbao upande wa pili, akarudi, akaondoka tena, mpaka uzee ulipomshika mkono ukamrudisha Nanyamba. Hapo akawa anabeba magunia ya korosho ghalani. Siku moja lori la Zahir Mohamedraza, mfanyabiashara wa Mikindani, likarudi kinyumenyume bila mtu wa kuliongoza, likambana ukutani. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Dereva alikimbia. Bima ya lori ilikuwa imekwisha muda wake. Zahir mwenyewe alifika hospitali na katoni ya maji na biskuti, akatoa pole ya kutoka moyoni kabisa, lakini alipoombwa fidia akasema tuonane mahakamani. Basi wakaonana, miaka mitatu.

Sasa hospitali haingoji hukumu. Hashimu aliiweka rehani mikorosho aliyoachiwa na mama yake, akaiweka kwa Zuberi, rafiki yake waliyekaa naye jando moja. Rehani ya huko haina maneno mengi. Unapewa pesa, aliyekupa anaingia shambani kwako na kuokota, msimu huu na ule, mpaka siku utakayomrudishia pesa yake kamili. Anachookota hakipunguzi deni. Ndivyo walivyofanya babu zao, na hakuna aliyewahi kukaa chini akauliza kwa nini.

Hukumu ilitoka, Hashimu akashinda. Fidia ya mguu ingetosha kununua mguu wa bandia, kufuta madeni ya dukani na kufungua kibanda cha biashara, basi. Pesa ya kuikomboa mikorosho ilikuwa kwenye ile riba ambayo hakimu ameiweka juu ya fidia. Bila riba, Zuberi angeendelea kuokota.

Wakili wao, Magreth, alikuwa na chumba kimoja pale Chuno, mjini Mtwara, kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Aliwakaribisha, akamvutia Hashimu kiti chenye mikono, akaeleza. Tangu hukumu itoke Zahir hajatoa hata shilingi. Leo wanakwenda kuiomba mahakama ikaze hukumu: asipolipa, mali yake ikamatwe.

"Vizuri, mwanangu," Hashimu akasema. "Lakini kuna neno moja humo nataka ulifute. Riba."

Magreth akavua miwani. "Mzee, hilo neno nimelipigania kuliko maneno yote mengine."

"Haramu."

"Sikiliza kwanza. Mtu akikalia hela yako, hela haikai bure. Wewe unapungukiwa, yeye anapata nafuu. Ndiyo sheria inasema, kwa kila mwaka anaokuchelewesha aongeze saba kwa mia. Hii si faida ya benki. Ni kukurudisha pale ulipokuwa."

"Pale nilipokuwa nilikuwa na miguu miwili."

Magreth akapangusa miwani na ukingo wa gauni lake. Mwanaidi ndiye akasogea mbele. "Dada wakili, si mlipatie jina jingine? Mseme fidia ya kucheleweshwa."

"Inawezekana kabisa, mama. Mimi hata leo nalibadilisha."

"Nguruwe ni nguruwe," Hashimu akasema, "hata umvike kanzu."

Magreth akacheka mpaka kiti kikalia. "Mzee, mimi nisingemsumbua na kanzu. Namla hivyo hivyo."

Hata Hashimu alitabasamu. Mwanaidi hakutabasamu. Alikuwa ameishika pembe ya kanga yake, anaizungusha kidoleni.

"Nguruwe mwenye kanzu yuko Nanyamba," akasema. "Asubuhi ya leo ametuaga. Msimu wa tatu huu anaokota korosho za mama mkwe wangu, na deni liko palepale kama jiwe la mafiga. Hiyo inaitwaje?"

"Rehani," Hashimu akasema.

"Ahaa. Jina zuri."

Nje fundi cherehani alikuwa anamgombeza mteja kwa kumletea kitambaa kifupi. Hashimu alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala miaka yote ina mlango mwingine. Si kwamba alikuwa mjinga. Ni kwamba yale mambo mawili yalikaa vyumba tofauti kichwani mwake, hili la dini, lile la mila, na hayakuwahi kukutana barazani.

Magreth alikohoa. "Niongeze la gharama, maana wenzetu nao watataka zifutwe. Daktari aliyekuja kutoa ushahidi alitaka nauli na malipo ya siku yake. Mashahidi wako wa ghalani wamesafiri, wamekula. Ada za mahakama. Na kazi yangu. Nyingi nimezitoa mfukoni mwangu, mzee. Zahir akizilipa, nimerudishiwa changu. Asipolipa zitatoka kwenye fidia, yaani zitatoka kwenye mguu wako. Sisemi kukutisha."

"Gharama hazina neno," Hashimu akasema polepole. "Umetoa chako, unarudishiwa chako. Hapo hata mtoto anaelewa."

Akanyanyuka, akachukua magongo. La riba hakulitaja tena, na Magreth hakumuuliza.

Kwenye veranda ya mahakama Zahir alikuwa ameshafika, amekaa benchi moja na wakili wake, kijana aitwaye Godfrey, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Zahir alisimama alipomwona Hashimu. Alikuwa mtu mzima naye, ndevu nyeupe, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akampa mikono yake yote miwili.

"Mzee Hashimu, salaam aleikum. Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Ushemeji umeanza lini?" Mwanaidi akasema.

Zahir alilipokea hilo kwa kuinamisha kichwa, akamgeukia Hashimu. "Ndugu yangu, nimechoka na kesi, na wewe umechoka. Leo hii nakulipa fidia yako yote, mkononi. Tuache hii riba. Mimi Muislamu, wewe Muislamu. Mimi kuitoa dhambi, wewe kuipokea dhambi. Tuokoane."

"Na kila upande ubebe gharama zake," Godfrey akachomekea. "Ndiyo kawaida ya maelewano."

"Sisi zetu tumezibeba," Mwanaidi akasema. "Tumezibeba kwa mguu mmoja."

Godfrey akatazama viatu vyake.

Fidia yote, leo, mkononi. Hashimu aliliona hilo kama mtu aliyeonyeshwa maji baada ya safari. Na maneno ya Zahir yalikuwa maneno yale yale ya Zuberi, yale yale aliyoyasema yeye mwenyewe muda mfupi uliopita pale Chuno. Ungesema watu watatu wamefundishwa na mwalimu mmoja. Lakini zamani aliwahi kusikia msikitini kwamba mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu amedhulumu, na sasa akajiuliza kwa nini hilo halikupigiwa kelele nyuma ya bodaboda.

Akakaa benchini. "Bwana Zahir, kwamba ni haramu nakubali, na mimi siigusi. Lakini nikuulize. Hii hela yangu, miaka yote, ulikuwa umeifungia sandukuni?"

Zahir akacheka kidogo. "Hela ya biashara haifungiwi, mzee. Inazunguka."

"Ilizungukia wapi?"

"Mbona unaniuliza kama mtoza kodi? Mambo ya kawaida. Niliongeza lori moja."

"Linabeba nini?"

"Msimu ukifika, korosho. Msimu ukiisha, linakwenda Kilambo, linabeba mizigo ya wanaovuka Msumbiji."

"Korosho za wapi?"

"Za huko huko kwenu, mzee. Nanyamba, Tandahimba."

Hashimu alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Aliona jambo zima kama mtu anavyoliona shamba toka juu ya kichuguu. Zuberi anaokota korosho chini ya mikorosho ya Hashimu. Anazipeleka ghalani. Lori lililonunuliwa kwa hela ya Hashimu linakuja kuzichukua. Huyu amepata, yule amepata, na mwenye mikorosho na mwenye hela, ambaye ni mtu mmoja, amekaa mkekani anasubiri kuwa safi. Je, aliyesubiri ndiye aliyekuwa mbali na riba, au ndiye aliyeliwa? Na moto wa Mungu aliuogopa kweli, si kwa maneno. Usiku ule mguu unakatwa aliahidi kwamba hatarudia kula kisicho chake, na ahadi hiyo alikuwa ameitunza.

Karani akatoka, akaita jina la shauri lao.

Ndani, Godfrey aliwahi kusimama. Alisema mteja wake yuko tayari kulipa fidia leo hii, na kuhusu riba anaomba ifutwe, kwa kuwa mdai mwenyewe ametamka kwamba kwa imani yake ni haramu na haitaki. Lilipasua moyo wa Magreth hilo, ilionekana, maana lilikuwa kweli. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ndogo, akamtazama Hashimu juu ya miwani.

"Mzee, ni kweli umesema hivyo?"

Hashimu alisimama kwenye magongo. "Nimesema, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unamsamehe mdaiwa hiyo riba?"

Hapo ndipo penyewe. Mwanaidi aliikunja kanga mdomoni. Mumewe angesema ndiyo, mikorosho ingekwenda, na yeye angeishi na mtu safi mwenye njaa. Hashimu akayasimamisha vizuri magongo yake.

"Mheshimiwa, kusamehe sijasema. Nimesema siigusi."

Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka, aliweka kalamu chini. "Tofauti yake nini?"

"Kusamehe ni kumwachia yeye. Na yeye anasema ni haramu, sasa nimwachieje mwenzangu haramu? Itoke kwake. Mimi siigusi, lakini si halali yake pia. Mke wangu yupo hapa. Ataishika."

"Itakwenda wapi?"

"Kuna mtu Nanyamba ananidai. Itapita kwangu kama maji kwenye mfereji."

Godfrey akasimama kupinga, akasema mdai hawezi kukataa na kutaka kwa wakati mmoja. Hakimu akamwambia akae. Akasema mahakama inamjua mdai, haijui mikono yake. Mdai hajasamehe kitu, basi hukumu inabaki kama ilivyo, fidia, riba na gharama, na gharama zitakaguliwa siku nyingine. Zahir alifumba macho. Walipotoka nje hakuwa na maneno tena ya kuokoana, aliaga kwa kichwa tu.

Alilipa, lakini si siku hiyo, wala mwezi huo. Alilipa pale dalali wa mahakama alipokwenda kuyaandika malori yake yapigwe mnada.

Mwanaidi ndiye aliyeipokea riba, akaifunga peke yake kwenye pindo la kanga, mbali na fidia. Toka mjini mpaka Nanyamba Hashimu hakuuliza ni kiasi gani. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, wakaenda kwa Zuberi. Rukia, mke wa Zuberi, alikuwa uani karibu na baraza anamenya mihogo.

"Karibuni, karibuni! Aliyekwenda na mguu mmoja akarudi na mamilioni!" Zuberi akasema, akamsogezea Hashimu mto. "Sasa utatuoa na sisi."

"Wewe hata bure nisingekuchukua. Nimekuja kuikomboa mikorosho."

"Alhamdulillahi." Zuberi alilisema vizuri, ila uso ulichelewa kidogo. "Pesa yangu ikitimia, shamba lako hilo."

"Imetimia. Lakini nikwambie ilikotoka, nisije nikakuficha. Ni ile riba."

Kisu cha Rukia kikasimama kwenye muhogo.

"Nilikwambia usiiguse," Zuberi akasema.

"Sijaigusa. Toka Mtwara ameishika Mwanaidi."

Rukia akacheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye kisu.

"Unanifanyia shere, Hashimu."

"Wallahi sikufanyii. Wewe ulikaa chuo cha Kurani mpaka ukahitimu, mimi nilikaa mpaka nikatoroka, ndiyo maana nakuuliza wewe. Zahir alikaa na hela yangu, kila mwaka ikaongezeka kidogo. Hiyo riba, haramu, nimekubali. Wewe ulinipa hela, kila mwaka umeokota, na hela yako iko nzima haijapungua hata ya chumvi. Hiyo nayo ni nini?"

"Rehani. Wazee wetu wote..."

"Jina nalijua. Nauliza kitu chenyewe."

Zuberi alivuta pumzi. "Palizi ilikuwa ya nani? Salfa ilikuwa ya nani? Ungeniachia pori, leo ungekuwa na pori. Na siku ile hospitali, ni nani mwingine aliyefungua mkono? Hao wanaocheka barazani kwako walikuwa wapi?"

"Hawakuwepo. Ulikuwepo wewe. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini." Hashimu aliona kwamba yote mawili ni kweli, na hakujua yaende wapi pamoja. "Salfa na palizi ni gharama. Gharama ni haki yako. Za msimu huu, ulizokwishatoa, nitakulipa nikivuna. Mengine sijui, Zuberi. Hizi pesa nimekuja nazo kama zilivyo, ukizikataa nitarudi nazo."

"Toa kwenye fidia, uniletee safi."

"Fidia ni mguu. Nikiitoa, nitaokota kwa magongo."

Zuberi alitazama uani, kuku wanaparua maganda ya mihogo. Aliyepiga kelele barabarani na kijiji kizima kinasikia ni yeye. Akikataa, mikorosho itabaki mikononi mwake na kila mtu atajua kwa nini. Akipokea, watasema ameigusa riba mwenyewe.

"Iwekwe hapo," akasema mwisho, akaonyesha mkeka kwa kidevu.

Hashimu hakusogea. Zuberi hakusogea. Mwanaidi alifungua pindo la kanga, akaiweka pesa mkekani kati ya wanaume wawili. Ikakaa hapo. Rukia akaweka kisu, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akaihesabu, akaifunga kwenye pindo lake.

"Imetimia," akasema. "Hawa wenye mikono misafi wapewe maji wanywe."

Korosho za mwaka ule zilikuwa nyingi kiasi. Hashimu alimlipa Zuberi gharama za salfa na palizi kama alivyosema. Mguu wa bandia wa kwanza ulimbana, ukarekebishwa, wa pili ukamkaa. Mwanaidi anaendesha kibanda cha mafuta ya taa, sukari na vocha, na Hashimu hukaa hapo asubuhi. Mahakama ilikagua gharama za Magreth ikakata karibu theluthi; yuko bado Chuno, fundi cherehani amehama. Godfrey amepelekwa Lindi. Zahir aliuza lori moja, yaliyobaki yote yana bima. Rukia aliezeka jiko kwa mabati. Zuberi anashikilia rehani ya shamba jingine, la mtu wa kijiji cha pili. Yeye na Hashimu wanasalimiana, wanazikiana, ila hawakai baraza moja. Dereva aliyekuwa kwenye lori lile siku ya ghalani hakupatikana.